Kasarani, Uwanja Uliojengwa kwa Wageni

Agosti 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Nne ya Afrika katika uwanja mpya kando ya Barabara ya Thika. Jina lake rasmi ni Uwanja wa Kimataifa wa Michezo wa Moi, lakini kwa wakazi ni Kasarani tu. Ulijengwa kwa msaada wa China, ukawa na nafasi ya watu 60,000. Fainali ya kandanda iliwaliza wenyeji: Misri 1, Harambee Stars 0.

Machozi hayo yalifutwa tarehe 5 Desemba mwaka huo huo. Gor Mahia walikuwa wametoka sare ya 2-2 na Espérance jijini Tunis katika fainali ya Kombe la Washindi Afrika, na mechi ya marudiano ikaletwa Kasarani. Ikaisha 1-1, na mabao ya ugenini yakawapa Gor Mahia, au K'Ogalo, kombe. Hakuna klabu nyingine ya kandanda ya Kenya iliyowahi kutwaa taji la bara.

Hapo ndipo Kasarani ilipostahili kutunzwa kama mali ya wenyeji. Badala yake, ukarabati umekuwa ukingoja ugeni. Na ugeni wenyewe uliponyoka mara mbili: Kombe la Afrika (AFCON) la 1996 lilihamia Afrika Kusini, na Septemba 2017 Shirikisho la Soka Afrika, CAF, liliipokonya Kenya mashindano ya CHAN ya 2018 kwa sababu viwanja havikuwa tayari. Morocco wakayachukua.

Riadha ndiyo iliyoubeba uwanja huo miaka hiyo. Julai 2017, mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 18 yalijaza majukwaa. Tarehe 18 Septemba 2021, katika mbio za Kip Keino Classic, Mkenya Ferdinand Omanyala alisimama kwenye mstari wa mita 100 na Wamarekani Trayvon Bromell na Justin Gatlin. Bromell alishinda kwa sekunde 9.76. Omanyala alimfuata kwa 9.77, rekodi mpya ya Afrika, katika nchi iliyozoea kushangilia mbio ndefu. Nani angethubutu kusema Kasarani imechoka?

Nyasi na vyumba vya wachezaji vilisema. Kenya, Uganda na Tanzania zilipopewa CHAN ya 2024, kazi ya kuufufua uwanja ilianza kwa haraka ya mtu aliyechelewa. Kasarani na Nyayo, uwanja mwingine wa Nairobi, zikafungwa, na Harambee Stars wakawa wakimbizi wa soka: Juni 2024 walicheza mechi zao za "nyumbani" za kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Burundi na Ivory Coast huko Lilongwe, Malawi. Inauma timu ya taifa kukosa uga katika nchi yake. Hata hivyo kazi haikuisha kwa wakati. Januari 2025, wiki chache kabla ya filimbi ya kwanza, CAF iliyasogeza mashindano hadi Agosti.

Agosti ilipofika, uga ulikuwa wa kijani na majukwaa yamepangwa viti. Tarehe 10, Ryan Ogam alifunga bao pekee dhidi ya Morocco, na Kenya wakalilinda kipindi chote cha pili wakiwa kumi uwanjani. Makelele yalikuwa ya 1987. Lakini nje, watu wasio na tiketi waliyasukuma malango hadi wakaingia, na kwa mechi ya Zambia CAF ikapunguza mashabiki hadi 27,000. Ukarabati ulijali zaidi kile ambacho kamera ingekiona. Foleni, vizuizi na njia za kuingilia ni kazi isiyong'aa, na ndiyo inayomlinda shabiki asikanyagwe.

Madagascar waliwatoa wenyeji kwa penalti katika robo fainali. Tarehe 30 Agosti walirudi Kasarani kucheza fainali na Morocco, mechi ikawa 2-2 hadi Oussama Lamlioui wa Morocco alipopiga shuti la mbali mno lililompita kipa na kumaliza 3-2. AFCON ya 2027 nayo imekabidhiwa Kenya, Uganda na Tanzania, na safari hii malango yatengenezwe kabla ya nyasi.