Haibridi, Chotara au Mseto?

Mchezaji wa mchezo wa video wa Gran Turismo 7 anayeingia ndani ya Toyota GR010 HYBRID hujifunza tabia yake mapema. Akikanyaga breki kabla ya kona, kipimo cha betri kwenye skrini kinapanda. Akikanyaga mafuta na kuchanganya kasi, kinashuka. Gari hilo lilizaliwa mwaka 2021, daraja la juu la mashindano ya dunia ya magari ya masafa marefu lilipoanza kuitwa Haipakaa, nalo likashinda Saa 24 za Le Mans mwaka huo na mwaka uliofuata. Siri ya kipimo kile imo katika neno la mwisho la jina lake, ambalo kwa Kiswahili lina sura tatu.

Haibridi ndiyo inayosikika zaidi kwa mafundi na kwa wauzaji wa magari ya Prius na Aqua yaliyotumika. Haina kosa, ila asiyejua maana yake haambulii kitu.

Chotara ina mizizi zaidi. Wakulima wanaijua kupitia mbegu chotara za mahindi, zinazopatikana kwa kuzalisha aina mbili tofauti. Lakini chotara ni kiumbe kimoja: alichorithi kwa baba na alichorithi kwa mama vimeshaungana, havitenganishiki tena.

GR010 haiko hivyo hata kidogo. Injini yake ya petroli, V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili, imekaa nyuma na inazungusha magurudumu ya nyuma tu. Mota ya umeme ya kilowati 200 iko mbele na kazi yake ni magurudumu ya mbele. Hakuna shafti inayoziunganisha. Kompyuta ndiyo inayozipatanisha. Dereva akifunga breki, mota hugeuka jenereta: mwendo uliokuwa upotee kama joto unakuwa umeme na kurudi kwenye betri.

Tena injini na mota zinapishana. Gari lilipozinduliwa, kanuni zilitaka nguvu ya jumla isizidi kilowati 500, kiasi ambacho injini peke yake iliweza kukitoa. Kwa hiyo mota ilipotoa 200 zake, injini ilishuka hadi 300. Mwaka 2021, kwenye barabara kavu, mota haikuruhusiwa kusukuma gari kabla ya kufika kilomita 120 kwa saa.

Hapo ndipo mseto unapofaa kuliko yote. Katika mseto wa mchele na choroko, choroko bado unaziona. Serikali ya mseto ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2008, iliviweka vyama vya PNU na ODM meza moja, kila chama na jina lake. Na katika kilimo mseto, mti unabaki mti na mahindi yanabaki mahindi.

Prius, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, mwezi uleule ilipotoka Gran Turismo ya kwanza, inaleta hoja nzito zaidi ya kuitetea chotara, kwa kuwa nguvu zake mbili hukutana ndani ya giaboksi. Hata hivyo injini na mota zake ni mashine mbili, na fundi anaweza kuifungua moja na kuiacha nyingine. Nayo pia ni mseto.

Kinachobaki ni matumizi. Gari mseto na magari mseto yanakwenda sawa na kilimo mseto, bila kihusishi. Injini mseto, inayoanza kuandikwa hapa na pale, inapotosha: injini ya GR010 ni ya petroli tupu. Kilicho mseto ni mfumo mzima unaoliendesha gari.