Juu ya nini mesaji inapita mahali sauti inakatika

Katika sekta ya Obokote, eneo la Lubutu, mtu anayetafuta rezo anapanda kilima ao anatoka nje ya msitu. Ata pale, mara nyingi sauti inakatika-katika, ni "alo, alo" tu mpaka unite zinaisha. Lakini ukiandika mesaji mahali palepale, inafika. Hii si bahati. Ni hesabu iliyowekwa ndani ya simu na ndani ya antene, na iko na kazi mbili: kulinda maneno yasiharibike njiani, na kupima mzigo ambao hewa inaweza kubeba.

Kazi ya kwanza mafundi wanaiita kodaje. Upande wa Kisangani, kule barabara ya Lubutu inaishia, Walokele waliifanya zamani kwa ngoma ya mti uliochimbwa. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefika Yakusu katika 1938, alitoa kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949. Ngoma iko na sauti mbili, ya juu na ya chini. Kwa Kilokele neno la mwezi na neno la kuku yanalia namna moja kwenye ngoma. Basi mpigaji hasemi mwezi peke yake, anasema mwezi unaotazama chini duniani, na kuku anapewa maneno yake mengine. Yale maneno ya zaidi hayaleti habari mpya. Yanafanya tu aliye mbali asikosee. Ata mtu wa foni anayetaja "Bravo" pahali pa B, ili isichanganyike na P, anafanya kazi hiyohiyo.

Mwaka 1948, mmoja mbele ya kile kitabu, Mmarekani Claude Shannon alionyesha kwa hesabu kwamba kila njia ya mawasiliano iko na mpaka wake. Mpaka unatokana na upana wa njia, na nguvu ya sauti yako ukilinganisha na makelele. Chini ya mpaka, unaweza kutuma karibu bila kosa, mradi nyongeza ipangwe vizuri. Juu ya mpaka, hakuna ufundi utakaokuokoa.

Tuangalie simu ya 2G, ile ya vifungo. Inakata sauti vipande vya sehemu 20 za sekunde iliyogawanywa kwa 1000. Katika mpango wa kwanza wa 2G, kila kipande ni biti 260 (biti ni ndiyo ao hapana moja), na kinatumwa kama biti 456. Biti 78 kati ya zile 260 zinaenda bila ulinzi wowote. Kwa mesaji, biti 184 tu ndizo zinavishwa mpaka kufika 456. Mzigo mdogo, koti nzito. Zaidi ya hapo, kipande cha mesaji kikiharibika, simu inakituma tena. Sauti haiwezi kungojea, kwa sababu mwenzako anasikiliza sasa hivi; kipande kilichopotea kimepotea. Ndiyo jibu lenyewe.

Kazi ya pili ni modulasioni. Fikiria wale wanaosukuma baiskeli zenye mizigo katika barabara za Maniema: njia kavu, wanapakia magunia mengi, matope, wanapunguza ao wanaanguka. 2G ya kawaida inapakia biti 1 kwa kila pigo. 4G inapakia 2, 4, 6, pengine 8. Ili kubeba biti 6, antene inapaswa kuwa na mapigo 64 ya maumbo tofauti, na maumbo mengi namna hiyo yanafanana sana. Makelele kidogo tu, simu inachanganya hili na lile, kama mwezi na kuku. Kila ukiongeza biti 2, nguvu inayotakiwa inakuwa karibu mara 4. Ndiyo maana simu inapima njia kila mara na kuambia antene, na antene inapunguza mzigo. Simu inaweza kuandika 4G juu kabisa ya kioo, lakini picha moja inashinda ikizunguka: iko kwenye matope.

Antene za sahani zinazotumia setilaiti, kama zile za maofisi mengi Kindu, nyingi zinafanya vile pia. Mvua kubwa ikianza, intaneti inapunguza mwendo mbele ya kukatika.

Ufundi wa kodaje umefika mbali. Katika 1993 Wafaransa Claude Berrou na Alain Glavieux, pamoja na Punya Thitimajshima, walionyesha kodi za turbo, zilizokaribia sana mpaka wa Shannon. Wataalamu wengine hawakuamini mwanzoni. Zikaingia katika 3G na 4G. 5G inatumia zingine, moja ikiwa ya Robert Gallager aliyeifikiri tangu 1960 na ikasahauliwa miaka mingi. Lakini kukaribia mpaka maana yake faida iliyobaki ni ndogo. Anayeambia watu wa Obokote kwamba G mpya peke yake itavuka msitu, anauza maneno. Msitu unataka antene karibu, nguvu zaidi, ao setilaiti.

Wakati huu, muuguzi anayetaka kujulisha zone ya afya kwamba surua imeingia kijijini atumie mesaji ya kawaida, fupi. Ina nafasi ya herufi 160. Ikizidi inakatwa vipande, na vyote vinapaswa kufika. Kuna mtego mmoja wa Kifaransa: herufi é na è hazina shida, lakini ukiandika "tête" na kofia yake juu ya ê, kwa simu nyingi nafasi inashuka kutoka 160 mpaka 70. Andika "tete".