Kisanduku cha Herufi N

Mhariri aliponiomba makala ya historia, hapana shaka alitarajia habari za Mwami wa Heru au wa Muhambwe. Naomba radhi. Nimechagua historia ya kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, nacho ni kanuni ambayo kompyuta huitumia kuamua jina liwekwe wapi ili lipatikane upesi. Wataalamu huiita hashi, na ndani yake limo fundisho ambalo mimi nililipata kwa aibu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, nikiwa kidato cha pili, nilikuwa monita wa darasa. Nilipewa kazi ya kupanga madaftari katika visanduku vya mbao kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Mnaotoka Kasulu na Kibondo mmekwisha kulijua tatizo. Majina yetu mengi huanza kwa Nta-, Nda-, Ba- au Bi-. Kisanduku cha N kilifurika, cha B kikafuata, na vya Q na X vikabaki na buibui. Kulitafuta daftari moja katika N kulimaliza nusu ya kipindi.

Mwalimu wetu wa Hisabati akaja, akatazama, akacheka. "Achana na herufi," akasema. "Chukua namba ya mwanafunzi ya kuandikishwa, igawe kwa 11. Baki ndilo litakalokuonyesha kisanduku." Tukaweka visanduku 11, kuanzia 0 hadi 10, na madaftari yakagawanyika karibu sawasawa.

Baadaye, chuoni, niligundua kwamba kanuni ile ina wenyewe. Januari 1953, Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM nchini Marekani, aliandika waraka wa ndani akapendekeza kwamba namba ya kumbukumbu ikokotolewe ili yenyewe itoe anwani ya mahali pa kuihifadhi. Mwaka 1956 Arnold Dumey akachapisha njia ya kugawa kwa namba tasa na kutumia baki, kama alivyotufundisha mwalimu wetu. Hapa Tanzania, kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha katika miaka ya 1960, kisha mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Kwa muda mrefu, basi, masjala zetu ziliendelea na majalada ya karatasi.

Namba hugawika kwa urahisi. Je, jina? Ukiipa kila herufi namba yake na kuzijumlisha, Maria na Amira watatoa jumla ileile, kwa kuwa herufi zao ni zilezile. Lugha ya programu iitwayo Java, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1996, hufanya hivi: huchukua herufi ya kwanza, huzidisha kwa 31, hujumlisha ya pili, huzidisha tena kwa 31, na kuendelea hadi mwisho. Hivyo nafasi ya kila herufi inahesabika. Kanuni hiyo imo katika maktaba sanifu ya lugha yenyewe, yaani hazina ya vipande vya programu anayopewa kila mwandishi wa programu, naye huitumia bila kuuliza.

Lakini hata wenye Java walikosea. Katika matoleo ya mwanzo, neno likizidi herufi 15, kanuni iliruka herufi na kusoma chache tu, ili kuokoa muda. Maneno marefu yanayofanana yakarundikana mahali pamoja. Mwaka 1998 wakairekebisha, ikawa inasoma herufi zote. Nilipolisoma hilo nilikumbuka nyumbani. Mwaka uleule wa 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu, na mwaka 2015 Nduta ya Kibondo ikapokea tena wakimbizi wa Burundi. Karani anayesoma mwanzo tu wa jina atawatofautishaje Ndayishimiye na Ndayizeye?

Kanuni hizi ziliumbwa kwa ajili ya kasi. Hazikuumbwa kutunza siri. Mwaka 2003 watafiti Crosby na Wallach wa Marekani walionyesha kwamba mtu mwenye nia mbaya anaweza kutuma kwa makusudi maneno mengi yanayoangukia kisanduku kimoja, kompyuta ikaelemewa. Desemba 2011, mjini Berlin, Klink na Wälde wakaonyesha kwamba lugha nyingi bado zilikuwa na udhaifu huo. Lugha ya Python, katika toleo lake la mwaka 2014, ikachukua kanuni iitwayo SipHash, inayochanganya jina na namba ya siri ili mtu wa nje asiweze kukisia kisanduku.

Hata hivyo, hakuna kanuni inayozuia majina mawili kukutana. Katika Java, "Aa" na "BB" yote hutoa 2112. Kwa sababu hiyo programu iliyoandikwa vizuri, ikifika kwenye kisanduku, husoma jina zima kabla ya kujibu.

Mimi sikufanya hivyo. Miaka ya mwanzo ya utumishi wangu, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, orodha ya madai ilipangwa kwa alama fupi iliyotokana na jina. Alikuja mzee kutoka Kibondo kufuatilia malipo yake. Nikatazama ile alama, nikamwambia amekwisha kulipwa. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, mimi ndiye huyu. Huyo aliyelipwa simjui." Nikamrudisha nyumbani. Alikuja mara ya pili, nikamrudisha tena. Mara ya tatu nilifungua majalada yenyewe, nikakuta wazee wawili chini ya alama moja. Alilipwa haki yake, lakini nauli za safari mbili za bure hakuna aliyemrudishia.

Vijana, wengi wenu mtakaa mbele ya kompyuta za Serikali. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo msipange watu kwa mwanzo wake mkarudia kosa la kisanduku cha N. Na mkishafika kwenye kisanduku, someni jina lote. Kisanduku huonyesha mahali pa kutafuta tu. Mtu mwenyewe amesimama dirishani, naye ametoka mbali.