Hawakuja Mmoja Mmoja: Masista na Urafiki Wao Ukambani



Kwenye sherehe kama hii majina husomwa. Husomwa ya maaskofu: William Dunne, askofu wa kwanza wa Kitui, kisha Boniface Lele, Anthony Muheria na Joseph Mwongela. Ndugu zetu wa Makueni, waliokuwa chini ya Machakos hadi Jimbo la Wote lilipoundwa Julai 2023, humtaja Askofu Paul Kariuki Njiru. Husomwa ya maparoko, ya makatekista na ya wenyeviti wa kwaya. Zamu ya watawa wa kike ikifika, msomaji husema "pamoja na masista wetu wapendwa", watu wakapiga makofi, na ratiba ikaendelea.

Kurasa hizi chache ni za masista hao.

Tuanze na Mutomo, kusini mwa Kitui. Wazee wetu wanaikumbuka njaa ya 1961, waliyoiita Yua ya Ndeke kwa sababu chakula kiliangushwa kwa ndege. Katika miaka hiyo ya ukame na barabara mbovu, Masista wa Huruma kutoka Ireland walianza kazi ya hospitali huko Mutomo. Shirika hilohilo ndilo lililofungua Hospitali ya Mater, Nairobi, mwaka 1962. Mama aliyejifungulia Mutomo alimjua sista aliyempokea mtoto wake. Lakini sista huyo naye alikuwa na mwenzake wa kukesha naye, wa kupika naye, na wa kulia naye mgonjwa alipowafia mikononi. Habari za huyo wa pili hatuziulizi, na bila yeye wa kwanza asingeweza kukaa.

Shirika la Huruma lilianza hivyo tangu mwanzo. Lilizaliwa Dublin tarehe 12 Desemba 1831. Mwanzilishi wake, Catherine McAuley, alikuwa mlei aliyerithi mali nyingi, akaitumia kujenga nyumba ya kuwahifadhi na kuwafundisha wanawake na wasichana maskini. Nyumba hiyo ilifunguliwa Septemba 1827. Alipokubali kuwa mtawa alikuwa amepita miaka hamsini. Aliingia unovisi pamoja na wenzake wawili, Mary Ann Doyle na Elizabeth Harley, na wote watatu wakaweka nadhiri siku moja. Miezi michache baadaye, mwaka 1832, Elizabeth alifariki. Mwaka huohuo kipindupindu kikaingia mjini, na masista wakatoka kwenda kuwauguza wagonjwa. Kazi haikungoja matanga yaishe.

Rafiki mkubwa wa Catherine alikuwa Frances Warde. Mwaka 1837 Catherine alimtuma mji wa Carlow akaongoze nyumba mpya. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtoa karibu naye, kwa sababu kazi ilimhitaji kule. Walichobaki nacho ni barua. Katika barua zake Catherine anaeleza habari za wagonjwa, madeni na safari, anatania, na anatunga mashairi ya kuchekesha kwa masista vijana. Alipofariki Novemba 1841, aliagiza masista waliochoka kumuuguza waandaliwe chai nzuri yeye akishaondoka. Kwa watu wa chai kama sisi, hilo halihitaji ufafanuzi. Miaka miwili baadaye Frances aliongoza kikundi cha masista kuvuka bahari hadi Pittsburgh, Marekani.

Haikuwa rahisi kila mara kwa masista kuwa marafiki. Kwa miaka mingi kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kanuni za mashirika mengi ziliwaonya watawa dhidi ya "urafiki wa pekee", yaani wawili kushikamana kuliko wengine. Hofu yenyewe ilikuwa na maana: wawili wakijitenga, jumuiya hugawanyika. Kila mwanakwaya anajua kinachotokea soprano wawili wakianza kunong'onezana. Lakini onyo hilo liliwaumiza wengi. Msichana aliacha mama, dada na kijiji chake, kisha akaambiwa asimzoee mtu sana. Na barua ya uhamisho ilipofika, alifunga mzigo na kuondoka.

Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso ulitoa hati Perfectae Caritatis, ukiyataka mashirika ya kitawa yarudi kwenye Injili na kwenye roho ya waanzilishi wao. Masista waliofungua upya maandishi ya waanzilishi walikuta humo watu waliopendana waziwazi, na kazi zao zikasimama juu ya upendo huo.

Mfano mwingine uko hapa kwetu, Kwa Vonza. Kijiji cha Nyumbani kilipokea wakazi wake wa kwanza mwaka 2006, kwenye ardhi ya ekari kama 1,000 iliyotolewa na watu wa Kitui kupitia baraza lao la kaunti la wakati ule. Ukimwi ulikuwa umechukua kizazi cha kati, ukabakiza wazee na watoto. Kijiji kiliwaunganisha: susu mmoja na watoto kama kumi katika nyumba moja, wajukuu wa damu pamoja na wa majirani. Waliokuwa na wazo hilo ni Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti na daktari, na Sista Mary Owens wa Shirika la Loreto, ambao tangu 1992 walikuwa wakilea pamoja watoto wenye virusi katika makao ya Nyumbani, Nairobi. Padre alifariki Novemba 2006, kijiji kikiwa bado kichanga. Sista Mary akaichukua kazi na kuiendeleza.

Masista wa Loreto, waliopo Kenya tangu 1921, wana mizizi kwa Mwingereza Mary Ward, aliyekusanya wenzake mwaka 1609. Alitaka watawa wa kike wafanye kazi nje ya kuta za konventi, jambo lililowatisha wakubwa wa wakati wake. Mwaka 1631 shirika lake lilifutwa, na yeye akafungiwa katika konventi mjini Munich akiwa mgonjwa. Wenzake waliokuwa nje walimletea vifurushi, naye akawaandikia kwa maji ya limau juu ya karatasi za kufungia. Karatasi ilionekana tupu mpaka ipashwe moto, ndipo maandishi yakatokea. Shirika lilikuwa limefutwa, lakini marafiki hawakutawanyika wote, na kwa hao kazi ikaendelea. Karibu miaka 300 ilipita kabla ya Kanisa kuruhusu, mwaka 1909, atajwe kuwa mwanzilishi. Mwaka 2009 Papa Benedikto XVI alimtangaza Mstahiki.

Huko Makueni, Shule ya Wasichana ya Precious Blood Kilungu inabeba jina la Masista wa Damu Azizi, shirika lililoanzishwa Mariannhill, Afrika Kusini, mwaka 1885. Jina la shirika liko kwenye lango na kwenye sare. Majina ya masista wenyewe yamo vichwani mwa kina mama waliosoma mikononi mwao, na kina mama hao wanazeeka.

Sisi Wakamba tuna neno la mambo haya: mwethya. Shamba kubwa halilimwi na mtu mmoja; watu huitana, wakafanya kazi, wakala pamoja, kisha wakahamia shamba la mwingine. Konventi ni mwethya wa maisha yote. Kwaya pia. Wimbo wa sauti nne hauimbwi na mwenye sauti nzuri peke yake. Unaimbwa na watu waliozoeana hata pumzi.

Kwa hiyo jubilei hii ituachie kazi moja. Baada ya Misa, kila kijana wa kwaya amtafute mwanakwaya au muumini mzee, amuulize mambo mawili: sista gani alikufundisha, kukutibu au kukubatizia mtoto aliyekuwa hatarini? Na aliishi na nani? Majina yote mawili yaandikwe katika daftari la kwaya, pamoja na mwaka na kigango. Wengi wao wamekwisha kulala katika Bwana, wengine makaburini kwetu, wengine mbali na hapa. Novemba ikija na Misa ya marehemu, tuwe na majina ya kusoma.