Mpini Hubadilishwa, Jembe Hubaki

Watu wengi wakisikia neno historia huwaza vita, wafalme na mikataba. Katika miaka yangu ya kufundisha nilijitahidi kuwaonyesha wanafunzi kwamba hata chombo kilichomo mkononi mwa mtu kina historia yake, na asiyeijua hununua kwa macho tu.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tusingepaswa kuambiwa hayo na mgeni. Nchi hii ilikuwa nchi ya wahunzi. Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861 alionyeshwa vyombo vya fahari vya chuma na shaba, vikiwemo vinyago vidogo vya ng'ombe vilivyofuliwa kwa chuma. Lakini chombo kilichowalisha watu kilikuwa jembe. Jembe la mhunzi lilikuwa na mkia uliopenya katika tundu la mpini. Mpini ukivunjika, mwenye shamba alikwenda porini, akakata mti mwingine, akatoboa tundu, kazi ikaendelea. Hakulazimika kumrudia mhunzi. Jembe lilidumu kwa sababu sehemu zake zilikubaliana, na iliyochoka iliweza kuondolewa peke yake.

Tuweke hilo akilini, kisha tuitazame kompyuta.

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza. Mashine za namna ile zilikuwa za mtengenezaji mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: vipuri vyake, mafundi wake na programu zake vilitoka kwake. Serikali ilipohamishia hesabu zake humo mambo hayakwenda vizuri. Hesabu zilivurugika, gharama zikapanda, na utaalamu ukategemewa kutoka nje. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia. Mwenye kuhitaji kompyuta ilimbidi aombe kibali maalumu. Masharti yalianza kulegea katika miaka ya 1980. Kwa upande wa televisheni, Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994.

Wako wanaoicheka marufuku ile. Mimi siicheki. Nchi maskini ilikuwa imetumia fedha za kigeni kununua kitu isichoweza kukitengeneza kikiharibika, na ikaogopa kurudia. Hofu ilikuwa ya haki. Dawa yake ndiyo iliyokuwa kali mno, kwa kuwa iliwanyima vijana wa wakati ule nafasi ya kujifunza. Swali lililostahili kuulizwa ni hili: je, ipo kompyuta ambayo mpini wake unaweza kuchongwa na mtu mwingine?

Jibu lilipatikana mwaka 1981, IBM ya Marekani ilipotoa kompyuta yake ndogo. Kwa haraka ya kuiwahi soko, ilitumia vipuri vya kampuni nyingine, na ikachapisha maelezo ya namna vilivyounganishwa. Muda si muda makampuni mengine yakaanza kutengeneza mashine zinazolingana nayo. Mwaka 1995 Intel ikatoa vipimo vya ATX, vinavyoeleza ukubwa wa bodi kuu, mahali pa tundu za skrubu na umbo la kigawa umeme. Hadi leo bodi nyingi hufuata vipimo hivyo. Kasha la miaka ishirini iliyopita, kama halijaoza kwa kutu, aghalabu hupokea bodi iliyotoka kiwandani mwaka huu. Hapo ndipo kompyuta ya mezani ilipofanana na jembe.

Nayasema haya kwa sababu mjukuu wangu hapa Kamuli ameomba kompyuta. Mchana anataka aandike hesabu za wakulima wa kahawa na kuchapa kazi za watu. Usiku acheze michezo yake. "Babu," aliniambia, "nataka itakayokaa miaka kumi." Fedha iliyopo ni ya msimu mmoja, na katika fungu hilohilo imo ada ya mdogo wake. Kwa hiyo kuchagua vibaya si hasara ya mashine peke yake.

Vijana huanza na kadi ya picha, maana ndiyo inayong'arisha mchezo. Mimi nilimwambia tuanze na umeme. Mkoa wetu wa Kagera kwa miaka mingi umepokea umeme wa gridi kutoka Uganda, na sote tunajua unavyokatika na kurudi kwa kishindo. Tena ukanda huu wa Ziwa Viktoria una radi nyingi. Kigawa umeme cha bei rahisi kikiungua, mara nyingi huondoka na bodi na diski. Mtu anunue chenye jina la kuaminika na dhamana ya miaka mingi, chenye nguvu kuliko mahitaji ya leo. Wati 650 zinatosha kompyuta ya kazi na michezo ya kawaida, na zinabakiza nafasi ya kadi ya baadaye. Kisha aweke betri ya akiba, ile mafundi waiitayo yupiesi. Radi ikianza kunguruma achomoe waya ukutani, kwani hakuna kifaa cha dukani kinachoshindana nayo.

Pili ni bodi kuu. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, bodi nyingi duniani ziliharibika kwa sababu ya vipuri vidogo viitwavyo kapasita, vilivyojazwa kimiminika kibovu. Vilivimba kichwani kama jipu, vikavuja. Niliwahi kuona chumba kizima cha kompyuta za msaada zilizokufa kwa ugonjwa huo, nyingine zikiwa bado na karatasi za nailoni juu ya vioo vyake. Kwa hiyo, anayenunua bodi iliyotumika aikague kwanza kwa macho.

Tatu ni soketi, yaani kikao cha prosesa, na hapa historia inasaidia sana. Mwaka 2016 AMD ilitoa soketi ya AM4. Bodi nyingi zilizonunuliwa mwaka 2017 ziliweza kupokea prosesa za mwaka 2022 baada ya kusasishwa programu yake ya ndani. Katika kipindi hichohicho Intel ilibadili soketi zaidi ya mara moja, na aliyetaka prosesa mpya alilazimika kununua na bodi. Mwaka 2022 AMD ikatoa AM5. Kabla ya kuuliza kasi ya prosesa, uliza kikao chake kimeanza lini na kinatarajiwa kudumu hadi lini. Kumbukumbu nayo ni vivyo hivyo: DDR4 haiingii katika tundu la DDR5. Gigabaiti 16 zinatosha kuanzia. La muhimu ni kubakiza tundu wazi za kuongezea.

Diski iwe ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka, kwa kuwa haiogopi mtikisiko na ni nyepesi kufungua kazi. Lakini hesabu za watu zisikae mahali pamoja tu. Nakala ya pili iwekwe kwenye diski nyingine, na ikae nyumba nyingine.

Kuna jambo moja lisiloonekana kwa kufungua kasha. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Mashine nyingi zenye afya njema zilikataliwa na Windows 11 kwa sababu prosesa zao ni za zamani au hazina chombo cha usalama kinachotakiwa. Basi mashine inaweza kuzeeka kwa barua ya mtengenezaji tu, chuma chake kikiwa kizima. Linux ni njia ya kutokea, na ni bure, ingawa baadhi ya michezo haikubali kuchezwa humo. Mnunuzi ayajue hayo mapema.

Wapo watakaosema kompyuta ya mapajani ni bora, kwa kuwa ina betri yake na hubebeka. Kwa mwalimu anayehamahama nakubali. Lakini nyingi za siku hizi zimegandishwa kumbukumbu kwenye bodi, na fundi wa Kayanga au Nkwenda hana la kufanya ikifa.

Tulikubaliana hivi: msimu huu zinunuliwe kasha, kigawa umeme, bodi, kumbukumbu, diski na prosesa yenye picha zake za ndani. Kwa hiyo kazi itaanza, michezo midogo itachezeka, na ada italipwa. Kadi ya picha itasubiri msimu mwingine, inunuliwe kwa fedha zitakazotokana na kuchapa kazi za watu. Kijana alinuna siku mbili, kisha akaanza mwenyewe kuandika bei za vipuri kwenye daftari.

Mashine ya mwaka 1965 haikutoa nafasi ya kufanya hivyo. Ilikuwa kununua yote au kukosa yote, na ilipoleta hasara, taifa zima lilifungiwa mlango. Anayeweza kununua kidogo kidogo, akakarabati kwake na kubadili sehemu moja bila kutupa nyingine, hata akikosea hupoteza kidogo. Wahunzi wetu walilijua hilo bila kulisoma popote, na kijana wa leo akichagua kompyuta yake kwa kipimo hichohicho hatakuwa ameiga ugeni wowote.