Treni ya mvuke iliyoko Njombe haijawahi kufika Makambako

Wadau, juu ya kabati la vyombo la mzee mmoja mstaafu mjini Njombe kuna modeli ya kichwa cha treni ya mvuke, urefu wake kama sentimita 36. Kila mgeni akishapewa kamwene na chai anaonyeshwa: hiyo ndiyo treni ya Makambako. Watoto wa jirani wanaamini hivyo. Mimi niliinama nikasoma kibao kidogo ubavuni. Namba 5918, Mount Gelai.

Hiyo si treni ya Makambako jamani. Na habari yake ya kweli ni tamu zaidi.

5918 ni mmoja kati ya vichwa 34 vya daraja la 59, vilivyotengenezwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Ni aina inayoitwa Garratt, kwa jina la mhandisi aliyeibuni. Ujanja wake ni huu: boila moja nene limening'inizwa katikati, halafu mbele na nyuma kuna seti mbili za magurudumu zenye silinda zake, kila moja inajipinda kivyake. Ndiyo maana dude la mita 32 na tani 252 liliweza kupita kwenye kona kali. Hakuna vichwa vya mvuke vikubwa kuliko hivyo vilivyowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja, dunia nzima. Kazi yake ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi.

Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Gelai iko huku kwetu, karibu na Ziwa Natron. Mwenzake aliyenusurika, Mount Shengena, kabeba jina la mlima wa Upare. Wote wawili wamebaki Nairobi. (Milima yetu, makumbusho yao. Haya.)

Sasa turudi Makambako. Wakati Gelai anapanda kwenda Nairobi, Nyanda za Juu Kusini hazikuwa na reli yoyote. Shirika lile lile la reli lilihudumia Iringa na Mbeya kwa mabasi na malori yake. Wazo la kuunganisha reli za Afrika Mashariki na za kusini lilipimwa mwaka 1952 na wataalamu wa Kiingereza, wakaona halilipi. Mwaka 1964 Benki ya Dunia nayo ikasema hapana. Kisha Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao, Zambia ikabanwa na shaba yake, na hesabu za faida zikageuka kuwa hesabu za siasa. Mkataba na China ulisainiwa Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza rasmi 1970, na Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa.

Kipande kigumu kuliko vyote ni kile cha kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako. Ni kama kilomita 158 tu, lakini kina mahandaki 18 na madaraja 46. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, yaani kimo chake hakipishani sana na cha Nairobi. Ukikitazama kipande hicho unaona kabisa kwamba ni kazi ya Garratt. Lakini TAZARA ilianza na vichwa vya dizeli kutoka China, na mlima huo huo ukavishinda nguvu. Ikabidi miaka ya 1980 viletwe vya dizeli vyenye nguvu zaidi.

Hata kama Gelai angeletwa, asingepita. Reli yake ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA ni 1,067, ili mabehewa yaingie moja kwa moja kwenye reli ya Zambia. Ya kwetu ya zamani ilirithiwa kwa Wajerumani walioanzia Tanga mwaka 1893. Kwenye modeli ya mzee, ambayo kila kitu kimepunguzwa mara 87, tofauti hiyo haifiki hata milimita moja. Haipishani sana na unene wa ucha wa kidole.

Kule Kidatu, Morogoro, si ucha. Reli mbili za nchi moja zinakutana hapo na hakuna treni inayoweza kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kituo cha kuhamishia mizigo kilikuja kupatikana 1998, miaka 22 baada ya TAZARA kukabidhiwa. Na mwaka 2024 treni za umeme zikaanza kazi kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kwenye reli ya milimita 1,435. Huo ni upana wa tatu.