Ngoma Tumeipa Jukwaa, Chungu Tumekimwaga

Wasee, Uingereza kuna ngoma inaitwa Morris. Wachezaji wanafunga njuga miguuni, wanashika vitambaa au fimbo, halafu wanazunguka baa za vijijini kutwa nzima. Wanacheza nje ya baa moja, wanapiga bia, kofia ya mchango inapita, wanasonga kwa baa inayofuata. Hakuna polisi wa kuwakimbiza.

Ngoma hiyo nayo ilikaribia kufa. Tarehe 26 Desemba 1899, mwanamuziki Cecil Sharp aliona wachezaji wa Headington Quarry, karibu na Oxford, na William Kimber akiwapigia konsatina. Kazi ya ujenzi ilikuwa imesimama kwa sababu ya baridi, wakatoka kutafuta senti. Njaa ndiyo iliwatoa nje, si mambo ya kuhifadhi utamaduni. Sharp akaandika zile tuni, na leo bado zinachezwa.

Sasa huku kwetu. Mwaka 1902 hao hao Waingereza walihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukaingia upande ambao leo ni Kenya. Wateso wakabaki pande mbili za mpaka, Wasamia vilevile. Chungu hakikujali. Kule Malaba na Amukura wazee walizunguka ajon, pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu, maji moto yakiongezwa pole pole. Sisi huku Mundika ni busaa: unga wa mahindi uliochachushwa, ukakaangwa, ukatiwa kimea cha wimbi. Ukialika watu wakulimie shamba, unawapikia busaa. Mpiga ngoma pia alilipwa hapo hapo, kwa mrija. Ngoma na chungu vilikuwa kazi moja.

Wakoloni wakaanza kudai vibali vya kupika. Tukapata uhuru, mambo yakakaza zaidi: vilabu vya busaa vikafungwa enzi za Moi, na 1980 ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Sheria ya Mututho ya 2010 ikaifuta hiyo, lakini ikataka leseni. Mama pima wa kijijini atatoa wapi leseni?

Najua mtasema pombe inaua. Ni kweli. Mei 2014 watu wengi walikufa Embu na kaunti zingine. Lakini waliuawa na methanoli, na methanoli ile haikutoka kwa kimea cha wimbi.

Mwaka huo huo UNESCO iliweka isukuti ya majirani zetu Waisukha na Waidakho, kule Kakamega, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Wachezaji wamezeeka, warithi hakuna, pesa hakuna. Sawa kabisa, ila mimi ningeongeza: na mahali pa kuchezea tulipamwaga mtaroni.

Siku ya sherehe ya serikali wazee wanaitwa, wanacheza dakika chache mbele ya hema la wageni, wanapewa soda na fulana. Jioni wakirudi kuketi kwa chungu, chifu anatuma askari.